Zilipendwa na Nani? Mjadala wa Watu Watatu wa Ukoo Mmoja

Hapana mtu aliyefikilia umri wa kuitwa mzee ambaye hajapata kusema, au walau kuitikia kwa kichwa wenziwe wasemapo, kwamba nyimbo za siku hizi hazina maana na kwamba nyimbo za kweli ziliimbwa yeye alipokuwa mtoto. Neno hilo hulisema kwa yakini ambayo hathubutu kuwa nayo juu ya siasa wala juu ya bei ya nazi, na aghalabu hadaiwi ushahidi, kwa kuwa walio naye barazani ni hirimu zake, na wale ambao wangemdai ushahidi ni watoto, nao wamefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Nimeona ni insafu shauri hili lipewe nafasi ambamo kila upande utasikiwa hata mwisho wa hoja yake. Kwa hiyo nimewaketisha pamoja watu watatu wa ukoo mmoja wa Tanga, mji usio mkubwa sana, lakini uliozaa muziki kuliko miji mingi iliyoupita kwa ukubwa: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz katika dansi, Black Star na Lucky Star katika taarabu.

Wa kwanza ni Mzee, aliyezaliwa karibu na mwaka wa uhuru, akafanya kazi ya reli hata akastaafu. Wa pili ni Shangazi, dada yake mkubwa, aliyekwisha kuwa mwanamwali wakati nduguye angali akicheza mpira wa matambara uani. Wa tatu ni Kijana, mtoto wa ndugu yao mwingine, atengenezaye singeli kwa kompyuta chumbani mwake. Majina sikuwapa, maana wasemayo yamesemwa na watu wengi.

MZEE. Mimi sisemi kwamba siku hizi hapana sauti nzuri. Mwenyezi Mungu hakuacha kuumba makoo. Nisemalo ni kwamba zamani wimbo ulikuwa na kisa, ulikuwa na mtu aliyekosa na mtu aliyekosewa, na ulipokwisha ulimwachia msikilizaji jambo la kufikiri. Marijani Rajabu alipoanza kusimulia, watu waliacha mazungumzo yao wakangoja kujua yatakayompata yule mwanamke aliyetajwa. Mbaraka Mwinshehe maneno yalipomwishia mdomoni, gitaa lake la solo liliyapokea likayarudia, hata mtoto asiyejua mapenzi ni nini akatambua kwamba mtu huyu amefikwa na huzuni. Baba yetu alikuwa na redio moja, iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na betri zake zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Kwanza taarifa ya habari, kisha salamu, kisha muziki. Na wimbo uliokuwa ukipigwa kwetu ulikuwa ukipigwa saa ile ile kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, hata mtu aliweza kutoka Ngamiani kwa miguu akafika Chumbageni asipotewe na ubeti hata mmoja. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, hapakuwa na aliyehitaji kuelezwa marehemu alikuwa nani. Nionyesheni leo mwimbaji mmoja ambaye nchi nzima ingenyamaza kwa ajili yake.

KIJANA. Ami, kwa taazima yako, yote uliyoeleza ni kweli, lakini umeeleza redio, hukueleza muziki. Mji mzima ulisikia wimbo mmoja kwa sababu redio ya nchi ilikuwa moja, tangu Radio Tanzania ilipoanzishwa mwaka 1965 mpaka sheria ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka uliofuata. Studio waliyoitegemea wanamuziki wenu ilikuwa ya redio hiyo hiyo, na wimbo usiowaridhisha wakubwa wa pale haukutoka nje ya mlango. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana, watu walipokuwa wakiandamwa kwa sketi fupi na suruali za kubana. Na bendi zenyewe zilikuwa za nani? NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na yao, na Mlimani Park, mnayoigombea kwa jina la Sikinde, ilikuja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya ofisi, na mpigaji aliyehama aliacha gitaa akatoka na mikono yake. Watunzi hao hao walitunga pia nyimbo za kulisifu Azimio la Arusha, na hizo, ami, sijakusikia ukiziimba hata siku moja. Umechagua kumi katika mamia, kisha unazipambanisha na takataka za juma hili.

MZEE. Kuchagua ni kazi ya wakati.

KIJANA. Basi tupeni na sisi wakati huo. Fauka ya hayo, mwasema tunaiga. Tangu mwaka 1933 kampuni za Kizungu zilileta Afrika santuri za Cuba, zile zilizoandikwa herufi G.V., Wakongo wakazisikia wakazifuata, na wazee wenu wakawafuata Wakongo. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba mchana kweupe, wala hakuona haya, na mpaka anafariki mwaka 1965 hapana aliyemwambia amepotea. Mimi nikichukua mdundo wa Johannesburg naambiwa nimeuza utamaduni.

Nakiri kwamba, niliposikia hoja hizo, nilidhani Mzee atakasirika, maana watu wa rika lake hawakuzoea kuhesabiwa miaka na watoto. Lakini mtu aliyefanya kazi ya reli ana desturi ya kungoja gari lote lipite ndipo avuke njia.

MZEE. Umesema kweli, mwanangu, na kweli yako yanifaa kuliko uongo wangu. Jambo moja tu umelikosa: Tanga ni pwani, na usiku ulipotulia tulishika Unguja, tukashika na Mombasa. Wilson na George Peter Kinyonga walitoka hapa, wakapiga Jamhuri Jazz, wakavuka kwenda Kenya, wakaunda Simba Wanyika mwaka 1971, na nyimbo zao zikaturudia kwa mawimbi ya ng'ambo ya mpaka. Hatukuwa tumefungiwa kama unavyodhani. Ama habari ya ofisi, hebu itazame upande wa pili. Mpigaji alilipwa mshahara mwisho wa mwezi, na kwa ajili hiyo aliweza kukaa na wenziwe wale wale miaka, wakajuana hata pumzi. Bendi ilipiga ukumbini siku nyingi za juma, na wimbo mpya ulipelekwa kwanza mbele ya wachezaji. Ukikataliwa na miguu yao, ulirudishwa mazoezini ukatengenezwa, na ndipo ulipopelekwa studio. Na studio hapakuwa na kukata na kuunga: mliingia nyote pamoja, waimbaji, matarumbeta, saksafoni na magitaa, mkaupiga wimbo toka mwanzo hata mwisho, mkapatia au mkakosa. Kwa nini unadhani sehemu ya kwanza ilikwenda polepole? Kisa kilikuwa kikielezwa, na mchezaji alikuwa akishikiliwa, mpaka lilipoingia chemko, gitaa la rithimu likaanza kusukumana na la besi, matarumbeta yakaitana na saksafoni, na mtu aliyeketi akajikuta amesimama. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, ukausikia kwa mbali ukamjua mwenyewe: Morogoro Jazz na Sululu, Maquis na Kamanyola, NUTA na Msondo, Mlimani na Sikinde. Cuba siikatai. Lakini aigaye kwa vidole vyake, usiku baada ya usiku, mwisho hushindwa kuiga, na palepale aliposhindwa ndipo pake mwenyewe.

KIJANA. Hilo la vidole nalikubali. Mimi vidole vyangu vinabonyeza tu.

MZEE. Na hata wazungu wa UNESCO wameikubali rumba ya Kongo, wakaiandika katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2021.

KIJANA. Ami, usiniletee karatasi. Karatasi ndizo zilizoufungia soul.

SHANGAZI. Mmesema sana, na mimi niliyekuwako sijaulizwa. Mdogo wangu, nyimbo hizo zilipokuwa zikivuma wewe ulikuwa mtoto, umelala mkekani, macho umefumba ukijifanya una usingizi. Mimi nilikuwa ukumbini. Mama yetu, Mungu amrehemu, aliusikia muziki huu unaoulilia, akasema ni uhuni wa walevi. Muziki wake yeye ulikuwa sahani za Siti binti Saad, zile zenye picha ya mbwa asikilizaye gramafoni, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Na kila alipoziwekea sindano alijifuta macho kwa pindo la kanga, akasema kwamba waimbaji wamekwisha duniani. Naye Siti, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, watu wa mji walimkejeli, wakamtungia na maneno, kabla hawajampigania aje kuimba harusini kwao. Lakini hayo siyo nitakayo, maana kwamba kila kizazi hukilaumu kinachofuata kila mtu analijua, na kulijua hakujamkata mtu ulimi. Nitakalo ni jingine. Nyimbo hizo, mdogo wangu, hazikuwa zako. Zilikuwa zangu na za wenzangu. Zilitungwa na watu wazima wakiwaambia watu wazima habari za ulevi, za madeni, za uke wenza, za mume asiyeacha posho mezani na mke aliyekwenda kuamkia wazazi asirejee.

Katika taarabu ndiyo hasa. Wimbo ukitaja chombo, si chombo. Ukitaja ua, si ua. Na embe likisemwa kuwa limeiva mtini, wanawake tulitazamana, kwa kuwa mwenye embe tulimjua, na aghalabu alikuwamo mle mle ndani, ameketi safu ya mbele na dhahabu zake, wakati aliyeusababisha wimbo anainuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji, noti ameinyosha juu ili ionekane. Kuna wimbo wa kikundi kimoja cha mtaani, hakikurekodiwa, ambao mpaka leo wauimba ukinyoa ndevu, ule wa jahazi lililozunguka bandari tatu lisipate pa kutia nanga. Wewe wadhani ni wa mabaharia.

MZEE. Ni wa mabaharia. Baba alikuwa akiuimba.

SHANGAZI. Baba alikuwa na sababu yake ya kuuimba, na mama alikuwa na sababu yake ya kutoka nje ya chumba alipouimba. Usiku ulipoimbwa mara ya kwanza nusu ya wanawake walicheka na nusu walibeba watoto wao wakaenda zao. Wewe ulisikia bahari. Basi usiniambie kwamba walilia mafunzo, kwa kuwa mafunzo hayakukufikia. Walilia kusikia pasipo kufahamu, na kuletewa pasipo kuulizwa wataka nini. Na hiyo si sifa ya wimbo, ni sifa ya kuwa mtoto katika nyumba yenye watu wazima waliokuwa wakihangaika badala yako.

MZEE. Dada, mbona wanivua nguo mbele ya mtoto? Sauti ilinifika kabla ya maana, sawa. Lakini ilinifika. Lahani ile, na zamu zile za mwimbaji na waitikiaji, ndizo zilizonifunza namna mtu mzima anavyolalamika bila kupiga kelele.

Hapa sina budi kuingia kati, kwa sababu Shangazi amegusa jambo ambalo wataalamu wamelipima, na vipimo vyao havikubaliani naye moja kwa moja. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha matokeo ya kuwapigia watu wa umri mbalimbali nyimbo zilizovuma katika miongo mingi ya nchi yao, wakaona kwamba mapenzi hufikia kilele kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji alipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi. Kwa kipimo hicho mwenye haki ya kulia ni Shangazi, ambaye halii, na Mzee alipaswa kuzililia nyimbo za katikati ya miaka ya 1980, alipokuwa kijana mwenye mshahara, wala si za mkekani. Lakini mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa chuo kikuu cha Cornell walitoa habari nyingine: vijana wenye umri wa miaka kama 20 waliowachunguza walizikumbuka kwa mapenzi, pamoja na nyimbo za wakati wao, zile zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana, na hata za nyuma zaidi ya hapo. Muziki wa utotoni, kwa hiyo, hurithiwa nyumbani pamoja na sahani na vikombe, na aurithiye huupenda kwa sikio lililozoezwa na mtu mwingine. Urithi huo ni halali, na sioni kwa nini Mzee aone haya kwa kulia. Ila mtu atoaye machozi yake kuwa burhani kwamba wimbo ni bora, kwa hakika anashuhudia habari za nyumba yao. Habari za wimbo na atuambie yule ambaye hakulelewa nao. Na kwa bahati shahidi wa namna hiyo tunaye.

KIJANA. Kama ni mimi, nitasema, lakini ami asinikasirikie. Nilipopata akili nyumba yetu ilikuwa na televisheni, na baba alisikiliza mpira. Mbaraka nilikutana naye katika simu, nikitafuta gitaa la kukata nikaliweke katika kazi yangu. Nikalisikiliza mpaka mwisho nikasahau kukata. Nikaendelea na nyingine. Nyingi ya hizo zilipendwa zinachosha, ami. Kisa ni kile kile, na mwanamke karibu kila mara ndiye mkosaji, mwimbaji amsute kwa beti sita na asipewe yeye hata ubeti mmoja wa kujibu. Ungesema zilikuwa na mafunzo. Mimi nasikia bwana mmoja aliyeachwa. Lakini zimo nyingine ambazo sina kumbukumbu yoyote ya kunishika mkono, sikuwa na mkeka wala redio ya kabatini, nazo zikanishika. Lile gitaa la pili, linalokaa chini ya solo likisema neno moja tu bila kuchoka, sijui mtu alipataje subira ile. Hizo ndizo nzuri. Nyingine ni zenu.

SHANGAZI. Amesema vema.

MZEE. Amesema kwa jeuri, lakini amesema. Sasa atuambie na yeye afanya nini huko chumbani, maana mimi nasikia kelele za mashine ya cherehani.

KIJANA. Singeli haikuanza na mimi, ami. Ilianza uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na pande zile, kwa watu wa mchiriku waliokuwa wakipiga vinanda vidogo vya Casio, na kwa vijana wa vigodoro waliochukua kipande cha taarabu, pale mwishoni ambapo vyombo vinapiga peke yake na akina mama wanainuka, wakakizungusha kisikome, wakakiongeza mwendo hata kikapita midundo 200 kwa dakika. Kwa hiyo mkisema tumeitupa taarabu mnatuonea. Tumeichukua pale ilipokuwa tamu tukakataa kuiachia.

SHANGAZI. Hebu iweke nisikie.

Akaiweka. Mzee alivumilia kama dakika mbili, akawa anatazama mlango. Shangazi alisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande mmoja, na mkono wake ukapiga goti, si kwa kila mdundo, bali mmoja katika minne, na hapo mwendo ule wa wazimu ukadhihirika kuwa una mwendo mwingine wa polepole ndani yake.

SHANGAZI. Akodiani hiyo naijua.

KIJANA. Nimeitoa mtandaoni, shangazi. Hapana jina lililoandikwa.

SHANGAZI. Jina ninalo mimi. Nilikuwa naketi hatua tatu kutoka kwa mpigaji. Na umeikata vibaya: umeikata kabla gitaa halijajibu. Swali umelirudia mara mia, jibu umelitupa. Rudi ukatwae na jibu.

KIJANA. Jibu linavuka mzunguko, halikai.

SHANGAZI. Lilikaa miaka hamsini. Litafutie nafasi.

MZEE. Na umemlipa? Wewe uliyetuhesabia magitaa ya ofisi na wapigaji waliotoka na mikono mitupu, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 umeisoma? Sisi tuliwasikiliza watu wale kila jioni bila kujua kama wamekula, tulikuwa watoto. Wewe unajua.

KIJANA. Ningemlipa nani, ami, ikiwa jina sikulijua?

MZEE. Sasa walijua. Lakini ipunguze mwendo kwanza, nami nipate kuisikia hiyo akodiani.

KIJANA. Nikiipunguza itarudi kuwa yenu.

SHANGAZI. Usiipunguze. Yetu tunayo. Mpigaji alikwisha kufariki, wanawe wako Ngamiani, na mkubwa wao namjua tangu akibebwa. Kesho baada ya alasiri utavaa kanzu twende nikakujulishe kwao, na hizo fedha zinazokuingia kwa wimbo huu mtazigawa mbele yangu.

KIJANA. Shangazi, mpaka leo zimeingia shilingi elfu nne.

SHANGAZI. Utawapa elfu mbili, na mtaandikiana.